Ukipewa Masaa 24 Uhame, Utabeba Nini? Mambo Niliyofunzwa na Kiondo cha Shosho Mitunguu

Hebu cheki hii picha. Ni saa mbili usiku, uko kejani, mvua inanyesha tangu juzi. Meseji inaingia kwa simu: gava imesema wote wanaoishi karibu na mabwawa wahame ndani ya masaa 24. Unaangalia huku, unaangalia kule. Tivii? Godoro? Meko? Zile raba mpya bado hujamaliza kulipa? Niambie ukweli, msee wangu. Mkono wako unashika nini kwanza?

Hii si muvi. Mei 2, 2024, Wizara ya Usalama wa Ndani ilitoa amri kama hiyo. Ilitaja mabwawa na hifadhi za maji 178 kwenye kaunti mbalimbali, na wenye wanaishi karibu wakaambiwa watoke ndani ya masaa 24. Siku chache kabla ya hapo, alfajiri ya Aprili 29, maji, matope na mawe yalifagia kijiji cha Kamuchiri kule Mai Mahiu. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa kwa usingizi. Shule zilikuwa zifunguliwe siku hiyo hiyo ya Aprili 29, zikakuja kufunguliwa Mei 13. Kabla Mei haijaisha, hesabu ya gava ya waliouawa na mafuriko ya msimu huo ilikuwa imepita 250.

Sisi mavijana tuliposti nini? Memes za magari yakielea Nairobi. Mimi pia niliposti, sitadanganya. Nilicheka hadi siku ile maji yalikuja kunitafuta nikiwa Mitunguu.

Usiku wa ngiri tatu zisizo na kazi

Kama hujawahi kufika, Mitunguu iko Imenti Kusini, Meru, ukiteremka kutoka Nkubu. Ni pale baridi ya mlima inaanza kuisha na joto la Tharaka linaanza kukupiga kofi. Ni kwa ndizi. Siku ya soko unaona Canter zimejazwa hadi matairi yanalia, zinaelekea Kanairo. Shosho yangu anaishi huko, na niliwahi kwenda kukaa kwake msimu wa mvua baada ya kolegi kunishinda na keja ya Nairobi kunikataa.

Usiku mmoja stima ikapotea. Hiyo ni kawaida, hakuna mtu alishtuka. Simu yangu ilikuwa asilimia 6. Kitu saa tano hivi, mtoto wa binamu yangu, wa mwaka mmoja na nusu, akaanza kuharisha na kutapika. Mara ya kwanza tukasema ni meno. Mara ya nne hakuna mtu alikuwa anasema meno tena. Macho yalikuwa yameingia ndani na analia bila machozi.

Nikajifanya mwanaume wa boma. Nikapigia msee wa nduthi, network hakuna. Mlingoti wa simu ulikuwa umezimika pamoja na stima. Nikakimbia hadi stejini na mvua, nikampata jamaa mmoja amejikunja chini ya mabati. Akasema sawa, atatupeleka, lakini anataka pesa mkononi kwa sababu M-Pesa haifanyi. Kwa simu nilikuwa na ngiri tatu na kitu. Mfukoni nilikuwa na ashu mbili za sarafu. Nilikuwa tajiri ambaye hawezi kununua hata mandazi.

Narudi nyumbani nimechanganyikiwa, nampata shosho ameshakaa kitandani, taa ya sola imewaka, na kiondo kikuukuu kiko magotini. Ndani ya kiondo alitoa leso iliyofungwa fundo, ndani ya leso kuna noti za mia mia. Akatoa pakiti za ORS. Akatoa kadi ya kliniki ya mtoto, imefungwa na karatasi ya nailoni. Akatoa blanketi. Hakukuwa na maneno mengi. Aliniambia tu, "Kijana yangu, pesa ya simu ni ya jua. Ya mvua inakaa hapa."

Yule wa nduthi alikataa njia ya chini, akasema maji yameshapita juu ya daraja dogo. Tukazunguka na ya juu, mama wa mtoto akimpa ORS kidogo kidogo na kijiko njiani. Mtoto alifika, akatibiwa, na leo ni mkorofi anarusha viatu kwa choo. Lakini nesi alituambia kitu sijawahi sahau: kile alikunywa njiani ndicho kilimfikisha.

Nilipomuuliza shosho alianza lini kuweka hicho kiondo, alisema ni tangu El Niño ya 1997. Hiyo mvua mimi nimeisoma tu.

Mvua ya wengine, maji yako

Sasa tuchambue. Kwa nini nakubonga kuhusu begi la dharura na si kuhusu celeb gani ameachwa na nani?

Sababu ya kwanza ni ramani. Mito ya upande huu, kama Thingithu na Mutonga, inatoka Mlima Kenya, inateremka mashariki hadi Tana. Maana yake ni kwamba inaweza kunyesha vibaya huko juu usiku, na wewe huku chini umelala chini ya nyota, hakuna hata tone. Asubuhi mto umekuja na miti. Kwa hivyo ile tabia ya kusema "huku hakujanyesha" haikusaidii. Unafaa kuangalia mlima, si paa lako.

Sababu ya pili ni kwamba vitu vyetu vyote vimefungwa kwa waya mmoja. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukabaki giza. Ikarudia Novemba 11 na tena Desemba 10 mwaka huo huo. Ikarudi tena Mei na Septemba 2024. Stima ikienda kwa muda mrefu, mlingoti wa simu unafuata. Mlingoti ukienda, M-Pesa imeenda, tokeni huwezi kununua, nduthi huwezi kuita, na ile ramani ya simu haikuonyeshi njia. Sisi watu wa mjini tumeweka maisha yote ndani ya kitu kimoja kinachokufa chaji ikiisha.

Sababu ya tatu ni masaa. Dharura ikitokea, mtu wa kwanza kufika si gava. Ni jirani. Kule Mai Mahiu, watu walianza kuchimbana matope na mikono kabla gari lolote rasmi halijaonekana. Kule Chesongoch, Elgeyo Marakwet, maporomoko ya usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025 yalikata barabara, na baadhi ya majeruhi wakalazimika kubebwa na ndege. Zaidi ya watu 30 walikufa. Ndiyo maana wataalamu wa majanga dunia nzima wanasema kila nyumba ijipange kwa siku tatu, yaani masaa 72. Si kwamba siku ya nne utaokolewa. Ni kwamba siku hizo tatu za kwanza mara nyingi mko wenyewe.

Begi la nyumbani, bila mbwembwe

Ukigugo hii kitu utapata orodha za Marekani: jenereta, chakula cha kijeshi, hema la mita ngapi. Wacha hizo. Orodha ya mtu wa keja moja ni fupi.

Anza na maji. Hesabu rahisi ni lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupika. Mko wanne, siku tatu, hiyo ni lita 48. Mitungi mitatu ya lita 20 inakupa 60, na zile 12 zinabaki za kunawa mikono. Mtungi uwe ulikuwa wa mafuta ya kupikia au mpya. Usichukue ule uliwahi kubeba dawa ya kunyunyizia mimea, hata kama umeoshwa mara mia. Weka chupa moja ya WaterGuard karibu, kwa sababu mafuriko yakija, vyoo na visima vinakuwa marafiki. Ukikosa dawa, chemsha maji hadi yatokote kabisa. Hiyo ndiyo silaha yako dhidi ya kipindupindu, na mara nyingi kipindupindu hufuata mafuriko kama makanga anavyofuata mlango.

Kuhusu ORS: nunua pakiti kadhaa, ni za bei ya chini na zinakaa. Zikikosekana, tengeneza. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usiongeze chumvi ukidhani unasaidia, kwa mtoto inakuwa sumu. Mpe kidogo kidogo, na safari ya hospitali iendelee. ORS inakununulia muda tu.

Chakula kiwe kile mnakula siku zote na hakitaki moto mwingi. Njugu karanga, biskuti, unga wa uji, maharagwe ya mkebe, maziwa ya pakiti yasiyohitaji friji. Ndengu ni tamu na huku Meru na Tharaka ziko tele, lakini kumbuka zinataka masaa na gesi. Kama una mtoto mdogo, chakula chake na pampasi ziingie kwanza kabla yako.

Halafu taa. Taa ndogo ya sola inashinda mshumaa kila siku. Mshumaa na pazia na usingizi ni ndugu watatu wabaya. Na hii nitaisema mara moja, usiniulize tena: jiko la makaa halilali ndani ya nyumba imefungwa. Stima ikienda na baridi ikaingia, watu huingiza jiko chumbani wapate joto. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, hewa ambayo haina harufu wala rangi. Haikuamshi. Unalala nayo mara moja.

Simu: chaji pawabenki kila Jumapili, iwe mazoea kama ligi. Halafu tafuta mulika mwizi, ile simu ya batani ambayo watu huichekelea. Chaji yake inakaa siku kadhaa, ina tochi, na nyingi zina redio. Mtandao ukizima, redio ndiyo inakuambia barabara gani imekatika, na huku unaipata kwa Kimeru kwenye Muuga FM au Weru FM. Pia chukua kalamu, andika kwa karatasi namba tano za maana. Namba ya mathe unaijua kichwani? Nilidhani naijua. Na hizi zote ni bure kupiga: 999 au 112 ya polisi, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Makaratasi: kopi za kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vyeti vya shule, karatasi ya shamba. Ziweke ndani ya nailoni mbili, funga. Piga picha ya kila moja ujitumie kwa barua pepe. Watu waliotoka Mai Mahiu na Mathare wakiwa hai lakini bila kitambulisho walijua maana ya kuanza maisha kutoka sifuri.

Dawa: kama nyumbani kuna mtu wa presha, sukari, pumu au ARV, ongea na daktari wake kuhusu kuwa na akiba ya wiki moja, na weka karatasi yenye majina ya dawa na kipimo. Ongeza pedi. Mabroo, msiruke hii sentensi. Kama mnaishi na dada, mathe au mresh, pedi ni dharura kama maji. Ongeza sabuni, glavu, bendeji, plasta, filimbi ya kupuliza mkinaswa mahali, na shuka au leso mbili. Leso ni blanketi, ni kamba, ni machela, ni kila kitu.

Mwisho, pesa taslimu. Noti ndogo ndogo. Wakati wa dharura hakuna mtu ana chenji ya ngiri, na ukimpa msee wa nduthi noti ya elfu usiku, jua umemlipa elfu.

"Lakini doh natoa wapi?"

Najua. Mimi pia ninaandika hii nikidaiwa rent. Kwa hivyo usinunue kwa siku moja. Weka soo moja kila wiki. Wiki kumi na mbili ni 1,200, na ni miezi mitatu tu. Wiki ya kwanza ORS na dawa ya maji. Ya pili betri au akiba ya taa. Ya tatu njugu na biskuti. Ya nne usinunue kitu, weka hiyo soo yenyewe kwa leso. Unaendelea hivyo. Begi hulinunui, chukua lile la high school lenye zipu moja imekufa.

Na usilifiche. Nimeona wasee wanaweka begi la dharura chini ya kitanda, mahali maji yanafika kwanza. Litundike karibu na mlango, juu ya usawa wa kiuno. Kila Machi na kila Oktoba, kabla mvua haijashika, lifungue. Kula kilicho karibu kuharibika, weka kipya, badilisha maji.

Halafu kaeni chini kama familia mkubaliane mambo matatu. Tukitoka usiku tunakutana wapi, mahali palipo juu. Nani anabeba shosho. Nani anazima swichi kubwa ya stima, na ni kama tu amesimama pakavu. Hayo mazungumzo ni dakika kumi. Sisi tuliyafanya tukila githeri, na ndipo tuligundua kila mtu alidhani mwingine ndiye atambeba shosho. Shosho mwenyewe alisema ye atatembea, tusijisumbue.

Gari: kitu cha kwanza ni subira

Twende kwa ndai. Hata kama ni ya mdosi, au ni Probox ya kubeba ndizi, au wewe ni abiria tu kwa mathree.

Wakenya tunajua vizuri barabara na maji zikikutana. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na wageni wa harusi lilijaribu kuvuka mto Enziu kule Mwingi ukiwa umefurika. Watu walikuwa wamesimama kando wanaangalia. Zaidi ya 30 walikufa. Aprili 9, 2024, basi lingine likanaswa na mafuriko upande wa Tula, barabara ya Garissa. Abiria 51 walipanda juu ya paa na wote wakaokolewa. Mabasi mawili, maji ya aina moja. Tofauti ni bahati, na mimi sitaki usafiri ukitegemea hiyo.

Shika hesabu hii. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 yanaweza kusogeza gari ndogo. Sentimita 60, yaani kama ya magotini kwenda juu kidogo, yanabeba karibu gari lolote, hata lile kubwa la mheshimiwa. Na chini ya hayo maji huoni kama barabara bado ipo. Kwa hivyo kit ya kwanza kwa gari ni subira, na ndiyo maana unabeba maji ya kunywa, biskuti na blanketi: ili uweze kungoja mto ushuke bila kuona ni adhabu. Dere mwenye njaa na mzigo wa ndizi unaoiva ndiye hufanya uamuzi mbaya.

Kwa buti weka spea yenye upepo, jeki, wili spana, kamba ya kuvutia, tochi, glavu, chaja ya gari, kizima moto na laifseva mbili. Laifseva si ya kuonyesha karao tu. Gari likiharibika usiku kwenye kona, liweke mbali vya kutosha nyuma ili dere wa lori apate muda wa kushika breki. Mawe na matawi ambayo huwa tunaweka barabarani tunayasahau hapo, halafu nduthi inayafuata saa nane usiku. Ongeza riflekta, kwa sababu mtu mweusi na koti jeusi usiku wa mvua haonekani, na huo ndio ukweli wetu. Weka nyundo ndogo mahali mkono unafika. Gari likiingia majini, toa mshipi, fungua au vunja dirisha la kando, toka, watoto kwanza. Usipoteze nguvu kwa kioo cha mbele, hicho kimeundwa kisivunjike ovyo.

Na usibebe petroli kwa mtungi wa plastiki eti ni akiba. Wala lori la mafuta likianguka usikimbie na jerikeni. Sachangwan, Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 waliungua wakichota mafuta ya bure.

Kama wewe ni abiria, bado una kazi. Barabara ya kutoka huku kwenda Nairobi kupitia Nkubu na Chuka inapita daraja la Nithi. Julai 24, 2022, basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafa. Waliofika kwanza ni wenyeji wa hapo. Ukiwa mmoja wa hao, jua hili moja: damu ikitoka nyingi, chukua kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, usitoe kitambaa kuangalia kila dakika. Aliyenaswa ndani usimvute kwa miguu kama gunia, isipokuwa moto unakuja.

Sheria inataka gari la abiria liwe na sanduku la huduma ya kwanza na kizima moto. Siku moja nilimwomba makanga anionyeshe la gari lake. Alilifungua kwa fahari. Ndani kulikuwa na chaja, mswaki na miraa. Tulicheka wote. Baadaye nikiwa kitandani sikuona ilichekesha wapi.

Begi si msamaha kwa gava

Sasa hapa ndipo naomba uwe makini, kwa sababu kuna mchezo unachezwa. Kila majanga yakitokea, mtu wa suti husimama mbele ya kamera na kusema wananchi wawe waangalifu, wahame, wajipange. Ni kama maji yalikuja kwa sababu wewe hukuwa na tochi.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema udhibiti wa majanga ni kazi ya serikali ya kitaifa na ya kaunti pia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura. Kwa hivyo ile karavati iliyoziba, lile daraja dogo ambalo msee wa nduthi aliogopa kupita na mtoto mgonjwa, ile zahanati isiyo na dawa usiku, hayo si mambo ya begi lako. Ni mambo ya bajeti. Mei 2024 Rais Ruto alienda Mathare akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa kando ya mto. Piga hesabu wewe mwenyewe: rent, depo, godoro, sare za shule, na makaratasi mapya, ndani ya 10,000. Trakta ilikuwa imeshapita.

Kwa hivyo mimi nasema tufanye mawili kwa wakati mmoja. Tufunge begi, halafu twende ule mkutano wa maoni ya umma kuhusu bajeti ambao huwa tunawaachia wazee na mashabiki wa mheshimiwa. Uliza swali moja tu: hazina ya dharura ya kaunti yetu iko, ina pesa ngapi, na msimu uliopita ilifanya nini? Uliza kwa heshima, rekodi jibu. Ukiambiwa utajibiwa baadaye, posti hiyo "baadaye". Memes tunajua kutengeneza, si ndiyo?

Wasee wengine watasema kujipanga ni kujiitia balaa. Nimesikia hiyo Mitunguu, nimeisikia Kayole. Lakini hakuna mtu huambia mkulima kwamba kuweka mbegu ghalani ni kuitisha ukame. Shosho hajawahi kwenda semina yoyote ya majanga. Aliona tu mwaka mmoja daraja likienda, akaona jirani akipoteza karatasi za shamba, akatundika kiondo ukutani.

Nilipoondoka kurudi Kanairo, shosho alinipa mkungu wa ndizi na leso ndogo yenye fundo. Sikuifungua njiani. Kwa keja nikapata soo tano, noti tano. Kuna wiki nilikaribia kuzila, hasa ile landilodi alifunga mlango na kufuli yake. Bado ziko. Zimetundikwa kando ya mlango, kwa begi lenye zipu moja imekufa, pamoja na ORS, mulika mwizi na karatasi yenye namba ya mathe.

Sasa rudi kwa lile swali la kwanza. Masaa 24, unashika nini? Kama jibu bado ni raba, leo jioni ukipita dukani nunua pakiti mbili za ORS. Wiki ya kwanza umemaliza.